Ua Lililokuwa Katika Biblia ya Mama

Ng'ombe yule alikataa kuvuka reli. Nianze hapo, ingawa yeye mwenyewe hana kazi katika habari hii, na nikishamaliza kumvusha sitamtaja tena. Nilikuwa mdogo, sijang'oka hata jino moja, na Kogo alikuwa amenichukua tukatembea kwa miguu kutoka kwetu, karibu na Sosiot, mpaka Kipkelion, kuchukua mtamba aliyembadilisha na mbuzi wake. Kogo kwa lugha yetu ni nyanya. Tulilala njiani kwa watu wa ukoo wake, wakatupa viazi, na mimi nikaumwa na tumbo. Hilo pia halina kazi hapa.

Tulipofika penye reli, mtamba akasimama. Akaangalia zile chuma mbili zinavyong'aa, akapanda miguu kama nguzo. Mimi nikamvuta kamba, Kogo akamsukuma nyuma. Mtu wa stesheni, mwenye kofia nyeusi, akaja mbio akitupigia kelele kwamba garimoshi liko karibu, tuondoe mnyama wetu kabla halijamfanya supu. Kogo alivua shuka yake, akamfunika ng'ombe macho, akamnong'oneza maneno ambayo sikuyasikia, na ng'ombe akavuka kama bibi arusi.

Yule mtu akatuliza moyo. Akaniangalia mimi, akamwangalia yeye.

"Nyanya, huyu mtoto baba yake ako wapi, akuache mzee kama wewe uvute ng'ombe?"

"Baba yake ni mimi."

Akadhani Kiswahili kimemshinda Kogo. "Sema pole pole. Wewe ni nyanya. Baba ni mwanaume."

"Nimesema pole pole. Mama yake ni mimi nilimtolea ng'ombe. Wewe umetolea nani?"

Mtu wa stesheni alicheka mpaka akavua kofia. Kogo hakucheka. Alijifunga shuka yake tukaenda zetu, na njia yote nilikuwa natembea nikijiona mkubwa, kwa sababu baba yangu alikuwa amemshinda mtu wa serikali kwa maneno.

Sasa kwa wasiojua desturi zetu, nieleze, maana vijana wa siku hizi hata wetu wenyewe wanaona haya kulitaja jambo hili. Mwanamke wa Kikipsigis ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, na mume wake amekufa au amezeeka, alikuwa na ruhusa ya kuoa. Anatoa ng'ombe kama mwanaume yeyote, wazee wanakaa, msichana analetwa, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake na wa jina la mume wake. Yule mwanaume anayeleta hao watoto duniani hana neno. Haitwi baba. Hahesabiwi. Anakuja kukiwa giza kupitia nyuma ya nyumba, kwa idhini ya mwenye mji, na mchana akikutana nawe njiani anakusalimia kama jirani.

Ndivyo nilivyozaliwa. Sijawahi kulia kwa sababu hiyo. Shamba nililipata, jina nililipata, wakati wa kutahiriwa nilisimamiwa kama wenzangu. Kogo alinipenda kuliko baba wengi niliowaona kwa majirani, wale wa kulewa na kurusha viti. Mtu asije akasoma hapa akaanza kunihurumia.

Na yule mwanaume nilimjua. Kijiji kizima kilimjua. Alikaa ng'ambo ya mto, na alipokuwa kijana alifanya kazi kwa kampuni moja kubwa ya majani chai, kabla ya sisi wakulima wadogo kuruhusiwa kupanda yetu. Baadaye akaoa, akapata watoto wake, akazeeka. Mimi na yeye tumekutana sokoni, kwenye dipu ya kuogeshea ng'ombe, kwenye matanga ya watu. "Chamgei," anasema. "Chamgei mising," najibu. Basi. Maisha yangu yote, salamu hiyo tu. Lakini watu walikuwa wakiniambia kwamba natembea kama yeye, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nilijaribu kuacha. Ukiwaza sana namna unavyotembea unajikwaa, kwa hiyo nikaacha kujaribu.

Kitu kilichokuwa kikinisumbua hakikunihusu mimi, kilimhusu mama. Mama aliletwa akiwa msichana mdogo kwa nyumba ya mwanamke mzee, kazi yake kuzaa. Alizaa mimi na dada yangu, akalima, akakamua, akapanda chai kilima kizima kwa mikono yake. Sikuwahi kumsikia akiulizwa anataka nini. Yeye na Kogo walipatana vizuri, wakizozana tu juu ya chumvi. Lakini nilikuwa nikikaa nikimwangalia akichuna, kikapu mgongoni, nikajiuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumpenda yeye mwenyewe, au alikuja akatumika kama ng'ombe wa maziwa. Swali kama hilo humwulizi mama yako. Nikazeeka nalo.

Mama alikufa wakati wa mvua ndefu. Alikuwa amekula chumvi nyingi, hata tuliolia tulilia kwa kiasi. Baada ya siku za kilio, vitu vyake vikagawanywa: dada yangu kule Siongiroi akachukua blanketi na kile kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu na masizi, kwa sababu alisema hakuna kibuyu kingine kinachotoa ladha hiyo, na hapo alisema kweli. Mimi nikapewa Biblia.

Nikacheka kidogo. Shule niliishia darasa la tatu. Nasoma kwa kidole, neno hili halafu lile, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Na mama mwenyewe hakusoma kabisa. Alibatizwa akiwa mtu mzima, akanunua Biblia ya lugha yetu, jalada jeusi, na kila Jumapili alikwenda nayo kanisani ameifunga kwa leso. Pasta akitaja sura, mama anafungua popote. Nimemwona ameishika juu chini akiimba vizuri kuliko wote.

Biblia ilikaa kwenye kabati mpaka mke wangu alipoitoa kupangusa vumbi.

"Wewe mzee, kuja uone. Mama yako alikuwa na mambo."

Nikaja. Ndani ya kitabu, huko mwanzo mwanzo, pale wanapopima hema kwa dhiraa na kutaja ngozi za kondoo, kulikuwa na ua. Lilikuwa limelala kati ya kurasa muda mrefu mpaka karatasi ikapata alama yake, duara ya rangi ya kahawia. Ua lenyewe lilikuwa la kahawia pia, jembamba kama ganda la kitunguu. Petali tano au sita, moja imevunjika, na katikati nyuzi nyingi, kama brashi ndogo ya kunyolea. Lilikuwa na kikonyo kifupi na hakuna jani.

"Labda liliingia lenyewe," nikasema.

"Maua inaruka kutoka shamba, inafungua kabati, inafungua leso, inafungua Biblia, inalala. Sawa." Mke wangu ana ulimi huo tangu nilipomwoa. "Mtu alimpea."

Hapo ndipo usingizi uliponitoka. Kwa sababu mama hakuwa mtu wa maua. Kwetu maua yalipandwa na walimu na watu wa misheni. Mtu wa kwetu akipanda kitu, ama kinaliwa, ama kinazuia ng'ombe. Kama mama aliweka ua, tena katika kitu alichokithamini kuliko vyote, basi liliwekwa kwa sababu. Nikajiambia: nikijua ni ua gani, nitajua linaota wapi, nikijua linaota wapi, nitajua nani alikuwa akipita huko. Ndiyo hesabu niliyofanya, na kwa mtu wa darasa la tatu si hesabu mbaya.

Nilianza na jirani yangu, mtu wa kutoka upande wa ziwa, aliyefanya kazi kiwanda cha chai miaka mingi mpaka akastaafu, akanunua ploti hapa na kukataa kurudi kwao kwa sababu ya joto. Huyu anajua kila kitu na nusu yake ni kweli. Alivaa miwani, akalisogeza ua kwenye dirisha.

"Hii ni mchungwa."

"Huku kuna mchungwa wapi?"

"Basi ni kahawa."

"Maua ya kahawa ni nyembamba. Hata mimi najua."

"Rafiki yangu, wewe kama unajua si ungekaa na maua yako nyumbani?" Akanirudishia. "Fanya hivi. Weka kwa maji moto kidogo. Itafunguka, utaona sura yake."

Nikarudi nikamweleza mke wangu. Akaniangalia kama mtu aliyeniozesha binti yake akajuta. "Uweke kwa maji moto? Halafu uongeze maziwa na sukari unywe? Hiyo maua haiguswi na maji."

Nikalipeleka Sosiot siku ya soko, kwa mama mmoja anayeuza mizizi na magome ya dawa. Nililifunga kwa karatasi ndani ya kofia yangu, na kofia nikaishika mkononi njia yote, jua likanichoma kipara. Yule mama alilinusa, akasema si dawa ya kitu chochote anachokijua, na watu wanaotaka dawa ya mapenzi waseme tu waziwazi, hatawacheka. Nilitembea mpaka ukingo wa msitu nikaangalia miti inayochanua. Niliangalia senetwet, maua yake ni ya manjano. Niliangalia sinendet, ule mtambaa tunaowavisha watu wa sherehe, maua yake madogo hayafanani hata kwa bahati mbaya. Nilirudi na matope mpaka magotini. Njia yote hiyo, kwenda na kurudi, nilipita katikati ya majani chai. Huku hakuna njia nyingine; ukitoka mlangoni uko ndani ya chai.

Halafu akaja.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani, nami nimekaa nje navua viatu. Nikaona mzee anapanda kutoka mtoni, pole pole, fimbo mbele. Nilimjua kwa mbali, kwa namna ambayo mtu hujua kivuli chake. Siku ya maziko alisimama nje ya uzio wa shamba, hakuingia. Nilimwona, nikajifanya sikumwona, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Sasa alikuja mchana, kwa mlango wa mbele, mbele ya macho ya watu wote. Mke wangu alisimama na sufuria mkononi akasahau kuiweka chini.

"Chamgei," akasema.

"Chamgei mising. Karibu, mzee. Kaa."

Akakaa. Akasema amekuja kutoa pole; alikuwa mgonjwa wa kifua, ndiyo maana amechelewa. Mke wangu akaleta chai kwenye themosi kwa mkono mmoja, sufuria bado iko kwa ule mwingine. Tukaongea juu ya mvua. Tukaongea juu ya mvua ya mawe iliyopiga upande wa chini. Nilipoona anaanza kushika fimbo, nikajua kwamba nisipouliza leo nitazikwa na swali langu.

Nikaingia ndani nikaleta Biblia. Nikaifungua mbele yake kwenye meza.

"Mzee, wewe umeona mambo mengi. Unajua hii maua?"

Nitasema jinsi ilivyokuwa moyoni mwangu, kwa sababu sitapata nafasi nyingine ya kulisema. Akisema hajui, basi mama aliokota ua njiani kama mtoto, au alipewa na mmisheni, na swali langu linabaki mahali pake. Akisema anajua, basi amesema kila kitu. Nadhani naye alifahamu hivyo. Hakuligusa haraka. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, akavuta pumzi, kama kwamba harufu ingekuwepo bado.

"Ni majani chai," akasema.

Mke wangu akacheka, hakuweza kujizuia. "Mzee, sisi tumechuna chai mpaka kucha zikageuka rangi. Maua ya chai hatujui?"

"Mnajua ile ya aibu," akasema mzee.

Na hapo ndipo nilipoona ujinga wetu, na si wetu wawili tu, ni wa kilima kizima. Maua ya chai tunayaona. Kichaka ukikiacha bila kuchuna kinatoa kiua kidogo huko chini, cheupe, kimejificha, na ukikiona unakikwanyua upesi kabla jirani hajapita, kwa sababu shamba lenye maua ni shamba la mvivu. Ni kama kuonekana na nguo imechanika nyuma. Nani angeweka aibu hiyo ndani ya Biblia? Kwa hiyo akili haikufika huko. Nilitafuta msituni kitu nilichokuwa nikikikwanyua kwangu, nikakivukia mto, nikakipeleka sokoni ndani ya kofia.

"Lakini hii si ya kichaka," mzee akaendelea. "Ile inachunwa haipati nguvu ya kutoa maua hivi. Hii ni ya mti."

Akatueleza. Zamani, kabla ya watu kupanda chai kwa vipandikizi, ilipandwa kwa mbegu. Kampuni ilikuwa na shamba la mbegu peke yake, mbali nyuma ya kambi za wafanyakazi, limezungushwa waya. Chai ya huko haikuguswa na kisu wala na mkono. Iliachwa ikapanda juu, miti mirefu kushinda nyumba, na msimu wake ukifika inachanua yote, nyeupe juu mpaka chini, na nyuki wanalia mchana kutwa. Yeye alikuwa mlinzi na mwokotaji huko. Kazi yake kuokota mbegu zilizoanguka. Ua halikuguswa kabisa, kwa sababu ukivunja ua umevunja mbegu, na nyapara akikukuta nalo unarudi kwenu jioni hiyo hiyo bila mshahara.

"Watu wa nje hawakuona hiyo miti," akasema. "Hata wachunaji hawakuona. Ukimweleza mtu kwamba chai ni mti na inanukia kama arusi, anakwambia wewe umelewa."

"Kwa hiyo ulimletea aone," nikasema.

Mke wangu akaweka sufuria chini, pole pole, isilie.

Nitoke kidogo nje ya habari, niseme kwamba nyuma ya choo changu sasa kuna kichaka kimoja cha chai ambacho nimekataza mtu yeyote kukichuna. Kimenipita kimo. Mwaka huu kimetoa maua ya kwanza, machache. Jirani yangu wa ziwani alinyoosha kidole akasema, rafiki, umezeeka kabisa, chai imekushinda. Nikamwambia ndiyo, imenishinda. Sikuona haja ya kumweleza, ingawa sasa atasoma hapa, au mtoto wake atamsomea, na atasema alijua tangu mwanzo.

Kuku mmoja akaja chini ya meza, akaokota kitu, akaenda.

"Alikataa kuamini," mzee akasema mwisho. "Nilimwambia juu ya ile miti. Akasema mimi ni mwongo kama wanaume wote. Alikuwa na mdomo, mama yako, kama huyu." Akamwonyesha mke wangu kwa kidevu. "Basi nikavunja moja. Moja tu. Nikaificha kwa kofia."

Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia kofia yangu, iliyokuwa pale juu ya benchi.

"Na aliiweka," nikasema. "Hata sisi hatukujua."

"Naona aliiweka."

Midomo yangu ilikuwa na neno moja, ambalo sijawahi kumwita mtu yeyote. Alijua. Mzee kama yule hawezi kukosa kujua. Aliinua mkono wake juu ya meza, si wa kunizuia hasa, aliuinua tu, akausogeza mpaka kwenye kitabu.

"Kogo yako alinipa ruhusa ya kuja," akasema. "Hakunipa zaidi, na mimi sikuomba zaidi. Alikuwa mtu wa haki. Wewe ni wake. Usiharibu."

"Sitaharibu, mzee."

"Vizuri."

Akalilaza ua sawasawa, pale penye alama yake, ile petali iliyovunjika akaisogeza kwa ukucha mpaka ikaungana na mwenzake. Akaniuliza hapo pameandikwa nini. Nikaweka kidole nikamsomea, neno kwa neno: urefu wa pazia moja, upana wa pazia moja, mapazia yote ya kipimo kimoja. Akasikiliza mpaka mwisho wa mstari, kichwa kimeinama upande.

"Ni kazi nzuri," akasema, kama fundi anayesifu fundi mwingine, akafunga kitabu.

Chai yake ilikuwa imebaki nusu kikombe. Mke wangu akamwambia angoje, atampa mursik aende nayo, na tumtafutie pikipiki, mteremko ule ni mbaya. Akasema miguu yake inaujua. Akashika mkono wangu, akauachilia. Nilimsindikiza mpaka kwenye geti, na pale akanizuia kwa fimbo, nisivuke. Akashuka kati ya mistari ya chai, mikono nyuma, fimbo ikiburutika nyuma yake kama mkia. Mimi nikasimama pale, na mikono yangu ilikuwa nyuma vilevile. Kwenye daraja hakugeuka. Na kwangu hakuja tena.